Pima ukuta kwanza, spika baadaye: mwongozo kwa nyumba za Maparoni

Kabla hujasubiri maji yajae ili boti ikupeleke Nyamisati, na kabla hujauliza bei Kibiti au Kariakoo, chukua futi ya fundi upime ukuta ambao televisheni yako itakaa. Andika upana wa ukuta wenyewe, umbali kutoka kwenye skrini hadi mahali watu wanapokaa, kimo cha sikio la mtu aliyekaa, na kila kitu kisichoweza kuhamishwa: mlango, dirisha, nguzo, kabati la vyombo, betri ya sola. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia spika. Mwenye sebule ya mita tano kwa sita anaweza kununua spika kwanza, kisha akatafuta pa kuiweka. Katika visiwa vya delta ya Rufiji, Maparoni, Salale au Kiongoroni, nafasi hiyo ni adimu, na anayeanza na spika hujuta akiwa ameshavuka maji.

Mtu akifika dukani bila vipimo, jicho lake huenda kwenye boksi kubwa lenye taa za rangi na maandishi ya wati elfu kumi. Atalilipia, atalipakia kwenye basi Mbagala, atalivusha kwa boti, na usiku wa kwanza atakuta spika ya kushoto inaziba mlango wa chumba na ya kulia haina pa kukaa ila juu ya ndoo. Itasukumwa kona. Maneno ya filamu yatazama, kitakachobaki ni mngurumo, na watoto watakuwa wanaulizana, "Amesemaje?" Swali hilo ndilo kipimo changu cha spika yoyote. Nyumba ambayo watazamaji hawaulizani amesemaje, spika zake zimechaguliwa vizuri hata kama ni ndogo na za bei ya chini.

Spika za mbele ni zile zinazokaa upande wa skrini: ya kushoto, ya kulia na, ukiwa nayo, ya katikati. Karibu kila unachokifuatilia kinapita humo: mazungumzo ya tamthilia, mtangazaji wa mechi ya Simba na Yanga, msimulizi wa filamu ya Kihindi au ya Kichina. Spika za nyuma kazi yake ni mvua, ndege na vishindo vya pembeni. Tena matangazo mengi ya dekoda yana njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia, kwa hiyo hizo za nyuma zinakuwa hazina kazi yake halisi. Fedha ikiwa ni ileile, acha seti ya spika tano dhaifu, nunua mbili nzuri za mbele. Ziko nyumba ambazo nitazishauri zinunue moja tu, na nitazieleza.

Huyo msimulizi anastahili neno zaidi, maana ndiye anayezijaribu spika kuliko kitu kingine. Kuweka sauti ya msimulizi juu ya picha ni jambo la siku nyingi katika nchi hii. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu ambazo maelezo yake yalirekodiwa kwenye sahani na kupigwa kwa vipaza sauti wakati wa maonyesho. Miaka mingi baadaye Derek Gaspar Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, akajijengea jina kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na kazi za namna hiyo zikasambaa hadi kwenye mabanda ya video ya vijijini. Sauti ya msimulizi hukaa juu ya sauti ya filamu yenyewe. Risasi, muziki na mayowe vyote viko chini yake kwa wakati mmoja. Spika isiyoweza kumtenga mtu na vishindo hivyo inakunyima hadithi nzima.

Maneno hueleweka kwa konsonanti. "Pata", "kata" na "tata" zina irabu zilezile, na kinachozitofautisha ni mpasuko mfupi sana wa sauti nyembamba, nyingi zikiwa kati ya hezi 1,000 na 4,000. Irabu zina nguvu nyingi na huenda chini zaidi. Ukiwa na spika inayovuma chini na kufifia juu, irabu hupita na konsonanti hupotea, nawe unaongeza sauti ukidhani ni ndogo. Inakuwa kubwa tu, haieleweki zaidi.

Ukuta kati ya milango miwili

Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, mlango wa uani nyuma. Ukumbi una milango kila upande, kwa hiyo televisheni huishia kwenye kipande cha ukuta kati ya milango miwili. Tuseme kipande hicho kina sentimita 120. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 72 hivi. Zinabaki 48, yaani 24 kila upande. Hapo uamuzi wa kwanza umeshafanyika: boksi lako lisizidi upana wa sentimita 20, maana mlango unahitaji kufunguka na mtu anayepita na ndoo ya maji anahitaji kupita. Zile spika ndefu za kusimama sakafuni zimeshatoka katika hesabu.

Vitabu vya mafundi wa sauti vinasema spika ya kushoto na ya kulia zikae kila moja nyuzi 22 hadi 30 kutoka kwenye mstari wa katikati wa msikilizaji. Ukikaa mita mbili kutoka kwenye skrini, nyuzi 22 zinadai spika ziachane kama mita moja na sentimita 60. Wewe una mita moja. Usihuzunike. Kipimo hicho kinaupendelea muziki, ambao hufaidika spika zikiachana. Kwa filamu na mpira, spika zilizokaribia skrini zina faida kubwa, kwa kuwa sauti ya mtu inabaki mdomoni mwake. Zikitawanywa mno, mtu anazungumza katikati ya skrini na sauti yake inatokea kwenye mlango wa jikoni. Kati ya kubana na kutawanya, mimi hubana.

Sababu nyingine ya kubana ni namna tunavyotazama. Spika mbili zinaweza kuleta sauti katikati kwa mtu mmoja tu, yule aliyekaa sawasawa kati yake. Mwaka 1949 Helmut Haas, mtafiti wa Kijerumani, alionyesha kwamba sikio huifuata sauti inayotangulia kufika, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Aliyekaa kushoto kabisa kwenye mkeka atasikia kila kitu kikitoka kwenye spika ya kushoto. Nasi hatutazami mmoja mmoja. Usiku wa mechi ukumbi unajaa, na wengine wanasikilizia barazani. Ukizigeuza spika kidogo kuelekea ndani, hadi mistari yake ikutane mbele ya waliokaa katikati, hali inapungua makali: aliye kushoto anapata spika ya kulia ikimtazama moja kwa moja, na ya kushoto ikimpita pembeni. Haikugharimu kitu. Jaribu kabla hujanunua chochote kipya.

Dawa kamili ni spika ya katikati, na si mtindo wa juzi. Aprili 1933 watu wa Bell Labs huko Marekani walisafirisha muziki wa orkesta kutoka Philadelphia hadi Washington kwa njia tatu, kushoto, katikati na kulia, kwa kuwa mbili peke yake hazikuwashikilia wasikilizaji walioenea ukumbi mzima. Majumba ya sinema yakaja kuzoea kuwa na spika nyuma ya skrini, katikati, na hadi leo mazungumzo mengi ya filamu yenye njia sita za sauti hupelekwa huko. Kama amplifaya yako ina njia ya katikati na una nafasi ya sentimita 15 chini au juu ya skrini, itumie.

Lakini iangalie spika yenyewe. Nyingi za katikati ni boksi la kulala lenye wufa mbili, yaani koni za sauti nzito, na twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, katikati yake. Wufa hizo mbili zikipiga sauti ileile kwa pamoja, aliyekaa pembeni anazipokea kwa nyakati tofauti kidogo na baadhi ya sauti zinafutana, tena katika eneo lile la maneno. Kwa mtu anayetazama peke yake si neno. Kwa ukumbi uliojaa ni kasoro, na spika moja ya kawaida yenye wufa moja na twita juu yake, iliyosimamishwa wima, itamhudumia vizuri zaidi yule wa ukingoni. Ikipatikana iliyo sawa kabisa na za kushoto na kulia, ndiyo bora: sauti haitabadilika rangi mtu anapovuka skrini.

Sasa zile nyumba za spika moja. Kama kipande chako cha ukuta kina upana wa televisheni yenyewe tu, au kama watazamaji wengi hukaa barazani na uani, usigawe fedha. Nunua spika moja nzuri, iweke juu au chini ya skrini katikati kabisa, na kwenye televisheni, dekoda au amplifaya uchague sauti ya njia moja ili kushoto na kulia zichanganywe humo. Usichanganye kwa kuunganisha nyaya za matokeo mawili ya amplifaya, utaichoma. Utakosa mbwembwe za gari kupita kutoka upande hadi upande, utapata kila mtu akisikia kila neno. Saundiba nayo inaingia hapa, nami sina ubaya nayo, ilimradi isizibe jicho la rimoti la televisheni na wufa zake zisiwe ndogo kupita kiasi.

Ukuta wenyewe una maneno yake. Spika ikisogezwa ukutani, sauti nzito huongezeka. Ikisogezwa konani, huongezeka zaidi. Dukani ilisimama wazi katikati ya meza ikasikika safi, nyumbani imekaa sentimita tatu kutoka ukutani na inavuma. Kwa hiyo mwenye nafasi finyu atafute boksi lililofungwa kabisa, lisilo na tundu la hewa, au lenye tundu mbele. Lenye tundu nyuma linahitaji angalau sentimita 15 hadi 20 za kupumua. Kama tayari unalo, chomeka soksi safi au kipande cha sponji kwenye tundu. Mvumo utapungua na sauti ya kiume itarudi kuwa ya mtu.

Ukuta wa miti na udongo wenye paa la makuti ni chumba kizuri cha sauti kuliko watu wanavyodhani. Makuti hunyonya mwangwi na ukuta mwepesi huacha sauti nzito ipite, kwa hiyo maneno yanakuwa wazi na mvumo haukai. Nyumba ya tofali yenye sakafu ya saruji na dari tupu ndiyo yenye taabu: tandika mkeka mbele ya spika, tundika pazia zito ukuta wa nyuma, na usinunue spika yenye twita kali. Mabati yana jambo lake pia. Mvua ya masika ikianza, hakuna spika ya nyumbani itakayoshindana nayo, na kununua spika kubwa mara tatu kwa sababu ya usiku kumi wa mvua ni kujitwisha mzigo wa mwaka mzima.

Twita ikae usawa wa sikio, na hapa wengi hukosea kwa kufuata vipimo vya watu wa makochi. Aliyekaa kwenye kochi sikio lake liko kama sentimita 95 kutoka sakafuni. Aliyekaa mkekani liko 70 hivi, na mtoto chini ya hapo. Sauti nyembamba husafiri mbele kama mwanga wa tochi: ikipita juu ya vichwa, waliokaa chini wanapata mabaki. Kama spika lazima ikae juu ya kabati, weka vipande vya mbao chini yake kwa nyuma ili ipige magoti kuelekea mkekani. Kama ni ya kutundika, skrubu iingie kwenye nguzo au boriti, isiingie kwenye udongo, kwa maana udongo utaachia na spika itamwangukia mtu. Stendi itengeneze kwa mbao zilizobaki kwa seremala. Mikoko ya delta hii, hekta zipatazo 53,000, ni msitu wa hifadhi na haikatwi bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na boriti ya mkoko ina kazi ya maana zaidi kuliko kubeba spika.

Wati za boksi na wati za betri

Maandishi makubwa ya wati kwenye boksi, hasa yakifuatiwa na herufi PMPO, yapuuze. Hayana kanuni moja ya kupimia, kila kiwanda kinaandika kinavyotaka. Tafuta herufi RMS, wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Kisha tafuta namba ambayo wauzaji wengi hawaitaji: usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Kwa nyumba inayotumia sola namba hii inashinda zote.

Kila desibeli tatu pungufu zinadai wati mara mbili. Spika ya desibeli 84 inahitaji wati nne ili itoe kile ambacho ya desibeli 90 inakitoa kwa wati moja. Na wati moja si kidogo. Ya desibeli 90 ikipewa wati moja, mtu aliyekaa mita tatu atapata kama desibeli 80, wakati mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni desibeli 60 hadi 65. Kumbe ukumbi wako unaishi ndani ya wati mbili tatu usiku mzima, isipokuwa goli linapoingia. Wati elfu kumi za boksi hazikuwa na kazi tangu mwanzo.

Fanya hesabu ya betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, nusu yake ndiyo ya kutumia ukitaka idumu, yaani 600. Televisheni ya inchi 32 inakula kama wati 40, dekoda 12, amplifaya ndogo ya kisasa 15 hadi 20. Weka na hasara ya inveta, unafika kama 82, betri inakupa saa saba. Badili amplifaya hiyo kwa boksi la kizamani linalokula wati 60 hata likinong'ona, saa zinashuka chini ya tano, na kwa mwenye friji au taa za duka hiyo ni tofauti ya kuona dakika za nyongeza au kukaa gizani.

Njia ninayoipenda zaidi kwa visiwani ni amplifaya ya volti 12 ya daraja D inayoungwa moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia inveta. Uliza kwa mafundi wa redio za magari, wanazijua. Kwa volti 12, spika ya omu 4 itapata hadi wati 15 hivi na ya omu 8 itapata nusu yake, kwa hiyo kwa mfumo huu chagua omu 4. Usiunge mbili za omu 4 sambamba kwenye tokeo moja; zinakuwa omu 2 na amplifaya nyingi haziwezi. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Waya mtupu ukigusana kwenye betri ya risasi ndani ya nyumba ya makuti, moto hausubiri.

Sabufa inapendwa mno pwani nzima na sitaki kumnyima mtu. Nasema tu isichukue fedha ya spika za mbele. Seti nyingi zinakuja na boksi kubwa la sabufa na vijispika viwili vya inchi tatu. Vijispika hivyo haviwezi kushuka chini ya hezi 150 kwa nguvu, kwa hiyo sabufa inalazimika kupanda hadi huko kuziba pengo, na hapo sauti ya mwanamume, inayoanzia kama hezi 85 hadi 180, inagawanyika: mdomo uko kwenye skrini, kifua kiko chini ya benchi. Tafuta spika za mbele zenye wufa ya inchi tano au sita na nusu, nne ikiwa hapana budi. Hizo zinajitegemea. Sabufa utaiongeza mwakani ukitaka, uikate kwenye hezi 80 au 100, na popote utakapoiweka haitasikika imekaa wapi.

Chumvi, bamvua na mchwa

Haya hayaandikwi kwenye boksi lolote, na kwetu ndiyo yanayoua spika.

Upepo wa delta una chumvi na unyevu mwaka mzima. Pete ya sponji inayozunguka koni huoza na kumung'unyika. Ya mpira hudumu. Bonyeza taratibu kwa kidole dukani: mpira unanyumbuka na kurudi, sponji ni laini na nyepesi. Koni ya plastiki ngumu huvumilia unyevu kuliko ya karatasi tupu, ingawa karatasi iliyopakwa dawa si mbaya. Boksi la chipubodi likinywa maji hufura na kupasuka kwenye kona, na maji huingilia pale ambapo ganda la nje halikufika, chini na nyuma. Zipake vanishi sehemu hizo kabla hujaliweka. Ukipata spika zilizotengenezwa kwa ajili ya boti na bei unaiweza, chukua bila kusita. Zimetengenezwa kwa ajili ya hewa kama hii.

Sakafuni usiweke kitu. Bamvua kubwa huingiza maji hadi nyumba zilizo karibu na mkondo, na Rufiji ikifurika juu, maji hayachagui. Sabufa, amplifaya na betri vikae juu ya benchi au matofali, na nyaya zipite ukutani badala ya chini ya mkeka.

Mchwa hupanda ndani ya ukuta wa udongo na boksi la mbao lililoegemea ukuta huo ni chakula. Acha vidole viwili vya nafasi, chungulia nyuma kila mwezi. Tundu la hewa huingiwa na mende, panya wadogo na nyigu wanaojenga kwa udongo. Lizibe kwa wavu wa dirisha. Hii ni sababu nyingine ya kupenda boksi lililofungwa.

Mwenye televisheni ya chogo bado, asisogeze spika kubwa karibu nayo bila kuuliza kama sumaku yake imekingwa, maana itatia madoa ya rangi kwenye picha. Televisheni bapa hazina tatizo hilo.

Dukani na njiani

Nenda na vipimo vyako na flashi yenye vitu vitatu unavyovijua kwa moyo: taarifa ya habari iliyosomwa na mwanamke, filamu iliyosimuliwa, na taarabu yenye fidla na kanuni. Mwombe muuzaji, "Kaka, niwekee hii, zima besi zote na zile taa." Kwanza sikiliza kwa sauti ndogo, usawa wa watu wanaoongea, maana ndivyo utakavyoitumia usiku wakati wengine wamelala. Kama maneno hayaeleweki hapo, hayataeleweka ikiongezwa. Kisha sogea pembeni hatua tatu, usikilize tena. Kisha lisukume boksi nyuma hadi liguse ukuta wa duka, maana huko ndiko litakakoishi. Sauti ya mwanamke ikianza kutoka puani au ya msimulizi ikianza kuvuma, rudisha. Muuzaji atakayekataa kukujaribishia usimnunulie. Kurudisha kitu kutoka Maparoni ni safari ya boti na basi kwenda na kurudi, na nauli zake zinaweza kumeza faida ya bei nafuu.

Waya ununue huko huko. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita kumi. Zaidi ya hapo chukua 2.5. Kwangua ncha: ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme vibaya zaidi na kuliwa haraka na chumvi. Uzito nao ni kipimo ukiwa na spika mbili mbele yako, kwa kuwa sumaku kubwa na boksi nene havina wepesi.

Kwa boti, acha spika ndani ya katoni yake na sponji zake, kisha ivishe katoni mifuko miwili ya nailoni, mdomo wa mmoja ukitazama chini na wa mwingine ukitazama juu. Ikae katikati ya chombo, si mbele panaporukia maji, na koni itazame pembeni, isitazame juu ambapo mtu anaweza kuikalia. Ikifika, usiiwashe palepale. Iache nje ya katoni hadi kesho yake ikauke.

Unapounga, waya wa chanya uende chanya kwa spika zote. Moja ikigeuzwa, koni moja inatoka nyingine inaingia, besi inapotea na sauti haikai mahali. Kama alama zimefutika, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha kwa sekunde moja kwenye nyaya za spika: koni ikichomoza nje, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya. Weka alama ya kalamu. Kisha kaa katikati ya mkeka, weka taarifa ya habari, zima na washa ile sauti ya njia moja mara mbili tatu. Msomaji asikike akitoka kwenye skrini yenyewe. Akivutwa upande mmoja, sogeza spika ya upande huo nyuma kidogo au punguza balansi yake, kisha mwombe mtu mwingine akae hapo athibitishe.

Vichwa vya nyaya vitashika kutu ya kijani baada ya msimu mmoja au miwili. Zima umeme, vichomoe, vikwangue kwa msasa laini, paka grisi kidogo ya betri, rudisha. Sauti ikianza kukatika-katika miezi ijayo, anzia hapo kabla hujamwita fundi.